Kutoa giaboksi ya Land Rover Series III, na namna ya kufungua bolti za propela zilizoganda

Land Rover Series III, zile za 1971 hadi 1985, ziliundwa zifunguliwe kwa spana popote zilipo. Giaboksi yake mtu wa kawaida mwenye vifaa vyema anaweza kuitoa nyumbani kwake. Kinachowakwamisha wengi ni bolti chache za flanji za propela, yaani visahani vya chuma vinavyoiunganisha ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Zimekaa chini ya gari zaidi ya miaka arobaini zikirushiwa matope na maji, na mara nyingi zimeshapitiwa na mtu mwenye spana isiyo saizi yake. Kwa hiyo nitakaa sana kwenye bolti hizo. Sehemu nyingine za kazi nitazipitia kwa haraka zaidi.

Maelezo haya ni ya 88 na 109 (inchi kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma) zenye injini ya lita 2.25, iwe ya petroli au ya dizeli. Zile zilizotoka Solihull, Uingereza, na zile zilizounganishwa Thika hufunguliwa kwa njia ileile.

Jua kwanza unachokwenda kutoa. Giaboksi na transfa, lile sanduku la gia linalogawa nguvu kwa propela ya mbele na ya nyuma, zimefungwa pamoja, na kwa pamoja uzito wake unapita kilo 100. Kwenye gari hili giaboksi haitokei chini kama kwenye Corolla. Hutokea juu, kupitia ndani ya kebini, baada ya kuondoa sakafu, kifuniko cha giaboksi na sanduku la viti. Kama shida yako ni klachi tu, huna haja ya kuitoa nje ya gari: ukishafungua kila kitu unaivuta nyuma, unabadilisha klachi, unairudisha. Hilo peke yake linakuondolea kazi ngumu kuliko zote, yaani kunyanyua, kwa hiyo amua mapema.

Spana kwanza

Bolti za propela za Land Rover hizi ni za inchi. Uzi wake ni 3/8 UNF na nati yake inataka spana ya 9/16. Ukiibadilisha kuwa milimita unapata 14.29. Spana ya 14 haiingii. Spana ya 15 inaingia ikiwa na nafasi, na hiyo ndiyo iliyokula kona za nati nyingi sana za Land Rover Afrika Mashariki, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ndani ya sanduku la fundi siku hiyo. Watu husema nati imeganda, kumbe nati ilikuwa nzima na spana ndiyo iliyokosewa.

Nunua au azima vitu viwili: spana ringi ya 9/16 iliyo nzima, na soketi ya 9/16 yenye kona sita ndani. Usichukue ya kona kumi na mbili. Ya kona sita hushika nati kwenye ubavu wake, ya kumi na mbili hushika kwenye ncha, na nati yenye kutu ncha zake ni laini. Soketi iwe ndefu na yenye ukuta mwembamba, na mpini wake uwe wa 3/8, kwa sababu nafasi kati ya nati na shingo ya krosi (kiungo cha propela chenye umbo la msalaba) ni ndogo mno. Soketi nene ya nusu inchi haitakaa sawasawa. Itakaa kishingo upande, na hapo utarudi kwenye shida ileile ya kona. Spana za inchi bado zinapatikana zikiwa zimetumika. Ulizia Gerezani ukiwa Dar es Salaam, au Kirinyaga Road ukiwa Nairobi, na uchague zile ambazo mdomo wake haujapanuka. Ile spana ya kurekebisha iache nyumbani kabisa kwa kazi hii.

Zaidi ya hapo utahitaji spana nyingine za inchi kuanzia 7/16 hadi 3/4, brashi ya waya, mafuta ya kupenya kutu, nyundo mbili, tindo kali, jeki mbili, stendi imara, kabari za tairi na mnyororo wa kunyanyulia au winchi.

Hendibreki ya Land Rover haishiki tairi

Usiingie chini kabla ya kuelewa jambo hili. Kwenye Series III hendibreki haiko kwenye magurudumu. Ni ngoma moja iliyofungwa nyuma ya transfa, na inachofanya ni kuizuia propela ya nyuma isizunguke. Ukifungua propela hiyo, hendibreki inabaki imevutwa lakini haishiki kitu chochote. Gari lililosimama kwenye mteremko mdogo tu litaondoka, na wewe uko chini yake.

Kwa hiyo weka gari mahali tambarare na pagumu. Weka kabari mbele na nyuma ya tairi ambazo hazitanyanyuliwa. Tofali na mawe havifai kubeba gari. Tofali hupasuka bila kutoa onyo. Toa pia waya wa betri wa upande wa ardhi.

Uzuri ni kwamba ngoma hiyohiyo ndiyo msaidizi wako wa kufungua. Ukivuta hendibreki, flanji ya nyuma ya transfa imeshikwa na huhitaji mtu wa pili wa kuzuia propela. Na ukibonyeza kile kifundo cha njano ili uingize nguvu za mbele, propela ya mbele nayo inashikwa na ngoma hiyo, kupitia ndani ya transfa. Ndiyo maana bolti za propela hufunguliwa mwanzoni, kabla hujang'oa levu yoyote ndani ya kebini.

Bolti za propela

Kila flanji ina bolti nne. Kwa kutoa giaboksi, zinazokuhusu ni nane tu: nne za propela ya nyuma pale kwenye ngoma, na nne za propela ya mbele pale inapotoka kwenye transfa. Zile za upande wa difu waweza kuziacha, ukafunga propela pembeni kwa waya kwenye chesisi. Ushauri wangu ni kuziacha, isipokuwa kama krosi zimeisha na utazibadilisha. Nati isiyo na sababu ya kuguswa isiguswe.

Anza jioni ya siku inayotangulia. Lala chini na brashi ya waya usugue kila nati na, zaidi ya nati, ile ncha ya bolti inayochungulia nje yake. Hapo ndipo watu wanapofanya haraka. Tope la Land Rover limechanganyika na oili ya transfa, limekauka likawa gumu kama lami, na mafuta ya kupenya hayapiti hapo. Chokonoa kwa msumari mpaka uone miduara ya uzi ikianza kung'aa. Ukiona uzi, mafuta yana njia. Usipouona, utamwaga kopo zima na yote yatadondokea mchangani.

Kisha weka mafuta ya kupenya kidogo kidogo, pande zote mbili za flanji. Kama huna ya dukani, changanya mafuta ya taa na oili nyepesi. Yanafanya kazi, ila yanataka muda zaidi. Mafuta ya breki ambayo mafundi wengine hupenda kutumia siyapendekezi: yanakula rangi na yakifika kwenye mipira yatakuletea kazi nyingine. Baada ya kumwagia, gonga kila nati kwa nyundo ndogo, kwa mapigo mengi mepesi. Mtikisiko huo unafungua nyufa ndogo ndani ya kutu na mafuta yanavutwa kuingia. Mwagia tena kabla ya kulala, na tena asubuhi.

Kabla ya kuweka spana, piga alama. Kwa tindo au rangi weka mstari mmoja unaokatiza flanji zote mbili, na mwingine unaokatiza ile sehemu ya propela inayoteleza. Propela ikirudishwa ikiwa imezungushwa meno machache, shingo zake za krosi hazitakaa kwenye mstari mmoja, na gari litatetemeka kwa mwendo bila wewe kujua sababu.

Sasa fungua. Vuta hendibreki. Vaa soketi ya kona sita mpaka ifike chini kabisa ya nati na uhakikishe imekaa wima. Jaribu kwanza kukaza kidogo, kiasi cha kusikia imesogea, halafu ndipo ulegeze. Kule kukaza kidogo huvunja kutu bila kuvuta uzi kwa nguvu. Kumbuka pia kwamba ukiwa umelala chini, nati za propela ya nyuma na za propela ya mbele zinaelekea pande tofauti. Ukiitazama nati uso kwa uso hulegea kinyume cha saa. Ukiwa upande wa pili wa flanji, mkono wako utakudanganya, na nimeona nati ikikazwa hadi bolti ikakatika kwa sababu hiyo tu.

Tumia mpini mrefu na uvute taratibu, nguvu ikiongezeka polepole, usikurupuke. Sikiliza. Nati inayokubali hutoa mlio mmoja mkavu, tak, kisha inalegea. Ikiwa badala yake unahisi inazunguka kidogo kwa ulaini, kama inavutika, simama: hiyo si nati inayofunguka, ni bolti inayojipinda. Rudisha ulikotoka, mwagia mafuta, subiri. Nati ikianza kutembea lakini inalia, usiilazimishe hadi mwisho. Rudi robo, endelea nusu, rudi tena, ukiongeza mafuta kila mara, ili ile kutu iliyosagika isijikusanye ndani ya uzi.

Ukimaliza nati mbili unazozifikia, nyingine zitakuwa zimejificha juu. Nyanyua tairi moja ya nyuma, weka stendi, toa gia, legeza hendibreki, na uizungushe propela kwa mkono kwa nusu duara. Vuta hendibreki tena, endelea. Kwa propela ya mbele, kama gari lina habu za kufungia kwa mkono, ziache wazi na propela itazunguka kirahisi ukishatoa nguvu za mbele. Kama halina, nyanyua tairi moja ya mbele. Kila unapobadilisha tairi ya kunyanyua, hamisha na kabari.

Ikikataa kabisa

Njia ya kwanza ni nyundo mbili. Shikilia nyundo nzito ubavuni mwa nati, piga ubavu wa pili kwa nyundo nyingine. Nati inaminywa kati ya vyuma viwili na kutu inapasuka. Zunguka pande zote, kisha rudi kwenye soketi. Nati nyingi zinazoonekana zimekufa hufungukia hapa.

Moto nauogopa kwenye gari hili, na nina sababu. Tangi la mafuta la 88 liko chini ya kiti cha mbele cha kulia, karibu sana na mahali unapofanyia kazi, na chini ya transfa kumejaa oili. Cheche za grenda ni hatari ileile. Kama ni lazima kutumia kimojawapo, toa tangi kwanza na ulipeleke mbali, safisha oili yote, na uwe na mtungi wa kuzimia moto mkononi. Kumbuka pia kwamba krosi ina mipira na grisi ndani. Ukiichoma flanji hadi iwe nyekundu, umenunua krosi mpya.

Mimi ningepasua nati kwa tindo kabla ya kufikiria moto. Nati na bolti ni vitu vya bei ndogo, flanji na krosi ni ghali. Weka tindo kali sambamba na bolti, katikati ya ubavu mmoja wa nati, shikilia chuma kizito upande wa pili kama fuawe, na upige hadi ufa uonekane. Nati iliyopasuka hufunguka kwa mkono. Ukiwa na kile kifaa cha kupasulia nati kwa kukaza skrubu, ni bora zaidi, kama kinaingia kwenye nafasi.

Kuna shida moja ya ngoma ya hendibreki inayowasumbua hata mafundi wazoefu: nati inazunguka pamoja na bolti yake. Vichwa vya bolti hizo viko nyuma ya ngoma, na ngoma haitoki mpaka propela itoke. Hakuna mahali pa kushika. Usipoteze asubuhi nzima hapo. Pasua nati hiyo, toa propela, kisha toa skrubu za ngoma na ubadilishe bolti ukiwa unaiona.

Ndani ya kebini

Propela zikishafunguliwa na kufungwa pembeni, mwaga oili. Fungua kwanza tundu la kujazia, ndipo la kumwagia. Giaboksi isiyo na oili na tundu la kujazia lililoganda ni balaa. Ikinge oili kwenye beseni safi na uipitishe vidole. Unga laini wa chuma ni kawaida. Vipande vyenye kona ni meno au beringi, na maana yake giaboksi inahitaji kufunguliwa ikiwa nje.

Toa matakia na migongo ya viti, vifundo vya levu, mipira ya vumbi, mabamba ya sakafu na kifuniko cha giaboksi. Skrubu za sakafu huzunguka bure, nyingi mno. Weka bisibisi yenye mdomo mzuri, na zilizokataa zikate vichwa kwa tindo. Kisha fungua sanduku la viti pande zote linaposhikana na bodi, na ulinyanyue kwa watu wawili. Levu ya hendibreki inapita katikati yake, hivyo ondoa mpira wake kwanza.

Sasa giaboksi yote iko wazi mbele yako. Tenganisha waya wa spidomita nyuma ya transfa, nyaya za taa ya kurudi nyuma kama zipo, fimbo ya hendibreki, na bomba la ekzosi pale linapozuia. Silinda ndogo ya klachi ifungue bolti zake tu na uifunge pembeni bila kufungua mpira wake wa mafuta. Ukifanya hivyo hutahitaji kutoa hewa kwenye klachi baadaye. Ila mtu asikanyage pedali ikiwa imening'inia, pistoni itaruka nje.

Kuachanisha na kunyanyua

Giaboksi ndiyo inayobeba mkia wa injini. Kabla ya kugusa mipira yake miwili ya kukalia, ile ya kulia na kushoto ya transfa, weka jeki yenye kipande cha mbao chini ya mkia wa injini, uiinue kiasi cha kuigusa tu. Jeki ya pili au mnyororo ubebe giaboksi. Hapo ndipo ufungue mipira, kisha nati zinazozunguka mdomo wa giaboksi unapokutana na injini. Moja au mbili za chini hufichwa na uchafu. Ukiona imekataa kuachana, tafuta nati uliyoisahau kabla ya kuchukua mtaimbo.

Ivute nyuma ikiwa imenyooka na injini. Shafti yake imepita katikati ya pleti ya klachi, na uzito wa giaboksi ukilalia shafti hiyo utapinda kitovu cha pleti. Rekebisha jeki kadiri inavyorudi. Ikiwa inaachana juu lakini chini imeshika, inua mkia wa giaboksi kidogo, usipige.

Hapa ndipo unaposimama kama ulikuja kwa ajili ya klachi tu. Tazama pia ndani ya mdomo wa giaboksi. Kama kuna oili, inuse. Oili ya giaboksi ina harufu kali ya salfa. Oili ya injini haina. Pua itakuambia kama sili ya kubadilisha ni ya mbele ya giaboksi au ya nyuma ya injini.

Kwa anayeitoa kabisa, Land Rover ya turubai ina raha yake: ondoa turubai na vyuma vyake, winchi inyanyue moja kwa moja kwenda juu. Yenye paa la bati hutokea mlangoni. Mlango utoe kabisa, winchi iingize mkono wake kebini, giaboksi izungushwe na kutolewa pole pole huku mtu mmoja akiiongoza. Huna winchi? Tenganisha transfa na giaboksi zikiwa bado garini, utoe kimoja kimoja. Ni kazi ndefu zaidi, lakini migongo inabaki salama. Na mtu asiweke mguu wala mkono chini ya kitu kilichoning'inia.

Kurudisha

Pleti ya klachi ina maandishi ya upande wa flaiwili. Yasome kabla ya kuifunga, na uinyooshe kwa shafti ya zamani au kipande cha mti kilichochongwa vizuri. Ingiza gia moja kwenye giaboksi, na unapoisukuma mbele zungusha flanji ya nyuma ya transfa taratibu hadi meno ya shafti yaingie kwenye pleti. Giaboksi inapaswa kukaa yenyewe kwa kusukumwa. Ukiona unaivuta kwa kukaza nati, simama, kwa maana unapasua mdomo wake wa aluminiamu.

Bolti za propela zote ziwe mpya, na nati ziwe zile zenye pete ya nailoni. Usirudishe za zamani na usiweke bolti ya kawaida ya dukani. Tazama kichwa: bolti laini haina mistari, mistari mitatu ni daraja la 5, mistari sita ni daraja la 8. Propela ya mbele ikikatika upande wa mbele, inaweza kuchimba barabara na kulinyanyua gari. Sugua nyuso za flanji hadi ziwe chuma kitupu, oanisha alama zako, kisha kaza kwa kiasi cha 47 Nm, yaani futi-pauni 35, ukienda kwa mkingamo.

Jaza oili ya gia EP90 ya daraja la GL-4: lita 1.5 kwenye giaboksi na 2.5 kwenye transfa, kila moja hadi ianze kutiririka kwenye tundu la kujazia gari likiwa tambarare. Kabla ya kurudisha sakafu, washa injini, ingiza gia zote gari likiwa limesimama, jaribu hendibreki, na uangalie chini kama kuna tone. Baada ya siku chache za kuendesha, lala chini tena na spana yako ya 9/16 uzipitie zile nati zote.